Miongozo ya mitandao ya vyuo ya zamani: pa kuipata na namna ya kuisoma

Mtu akiniuliza aanzie wapi ili aielewe mitandao ya kompyuta ya vyuo vikuu ya kabla ya wavuti, simtajii kitabu cha historia. Namtajia waraka mmoja: RFC 1580, mmoja wa mfululizo wa nyaraka zenye namba zinazoeleza Intaneti na zana zake. Uliandikwa na wafanyakazi wa EARN, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Ulaya, ukatoka Machi 1994. Unaeleza zana moja baada ya nyingine: Gopher, WAIS, Archie, Whois, Trickle, Listserv, Netserv na wenzake. Kwa kila zana utaambiwa ni nini, nani anaruhusiwa kuitumia na anaifikiaje, kisha unaonyeshwa mfano wa mtu akiandikiana na mashine. Ushushe hivi:

    curl -O https://www.rfc-editor.org/rfc/rfc1580.txt

Usiusome kama hadithi, mwanzo hadi mwisho. Chagua zana moja, kisha ruka hadi sehemu yake ya mwisho, ile inayotaja pa kujifunza zaidi. Hapo ndipo penye mali. Utakuta majina ya mafaili na ya seva zilizoyatunza, na kutoka hapo utaona desturi iliyotawala mitandao ile yote: kila huduma ilikuwa na faili linaloieleza yenyewe, na mtumiaji mwenye adabu aliliomba hilo kwanza kabla hajaomba kingine. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinategemea desturi hiyo.

RFC zilizopitwa na wakati ndizo tunazozitaka

RFC ya kwanza ina tarehe ya 7 Aprili 1969, na mwandishi wake ni Steve Crocker wa UCLA. Kwa miaka mingi nyaraka hizi zilikuwa za wahandisi kuandikiana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1990 ukafunguliwa mfululizo mdogo ndani yake, FYI (For Your Information, yaani "kwa taarifa yako"), kwa ajili ya watumiaji wa kawaida. Ulifungwa rasmi mwaka 2011 kwa RFC 6360, lakini nyaraka zake zipo palepale. Mimi hupendelea nne: FYI 4 ya maswali ya wageni, FYI 10 inayoorodhesha vitu vya kutafuta mtandaoni, FYI 18 ambayo ni kamusi ya istilahi, na FYI 28 ya adabu, yaani RFC 1855 ya mwaka 1995. Nje ya mfululizo huo ipo RFC 1118 ya Ed Krol, ya Septemba 1989, inayomweleza mgeni nani huamua mambo ya Intaneti, nyaraka zinapatikanaje, na awe jirani mwema namna gani.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Maandishi ya RFC hayabadilishwi yakishatolewa. Kwa hiyo waraka wenyewe unaweza kukuambia umechukua nafasi ya upi, lakini hauwezi kukuambia ni upi ulikuja kuchukua nafasi yake. Hilo liko kwenye faharasa:

    curl -O https://www.rfc-editor.org/rfc-index.txt
    grep -A5 '^1177' rfc-index.txt

Utaona RFC 1177 ya Agosti 1990 imefutwa na 1206. Fuata mnyororo: 1206 (1991) inakupeleka 1325 (1992), kisha 1594 (1994), kisha 2664 (1999). Zote ni FYI 4, waraka uleule ulioandikwa upya mara kwa mara. Mhandisi anayejenga kitu leo atachukua wa mwisho na kuachana na mingine. Sisi tunaotaka kujua watu walikuwa wanahangaika na nini, tunataka yote mitano. Iweke sambamba na ulinganishe yaliyomo: swali gani limeingia, lipi limetoka, lipi limehamia mbele. Usitumie `diff`, amri ya kulinganisha mafaili, kwenye mafaili mazima, maana kila ukurasa una kichwa na namba zake na utapata makelele matupu. Nakili jedwali la yaliyomo tu, ulinganishe hayo.

Tahadhari ya haraka: ukikuta RFC yenye tarehe 1 Aprili, isome mara mbili. Ile ya 1149, ya mwaka 1990, inaeleza kwa uzito wote jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa.

BITNET: mtandao wa kuomba na kusubiri

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wa leo hupotea. BITNET, mtandao wa kompyuta za vyuo, ilianza mwaka 1981 kwa laini kati ya City University of New York na Yale, chini ya Ira Fuchs na Greydon Freeman. Masharti yake yalikuwa mepesi: chuo kinachotaka kujiunga kinagharamia laini mpaka kwa mwanachama wa karibu, nacho kinakubali mwingine aje kujiunga kupitia kwake. Mtandao ukatanda kama matawi ya mti. Faili lilisafiri nodi kwa nodi, yaani mashine kwa mashine. Kila nodi ililipokea zima, ikalihifadhi, kisha ikalipeleka mbele laini ikiwa tayari.

Matokeo yake kwa mtumiaji ni haya: hukuweza kuingia kwenye mashine ya mbali na kuperuzi. Telnet, ya kuingia mashine ya mbali, haikuwapo; FTP, ya kuhamisha mafaili, haikuwapo. Ulituma ombi, ukaendelea na shughuli zako, na baadaye faili likatua kwenye sanduku lako. Ndiyo maana miongozo ya BITNET inasomeka kama orodha za amri. Mwandishi alijua huwezi kuona kilichopo mpaka uulize, na huwezi kuuliza mpaka ujue maneno ya kuulizia.

Maombi yenyewe yalikwenda kwa LISTSERV, programu iliyoendesha orodha za barua na kugawa mafaili, hapa ile ya nodi ya BITNIC. Kwa mtu aliyekuwa kwenye mashine ya IBM yenye mfumo wa VM/CMS, yalikuwa hivi:

    TELL LISTSERV AT BITNIC HELP
    TELL LISTSERV AT BITNIC INDEX
    TELL LISTSERV AT BITNIC GET BITNET USERHELP

Aliyekuwa kwenye VAX yenye VMS aliandika `SEND LISTSERV@BITNIC "INDEX"`. Asiye na njia hizo alituma barua pepe, amri ikiwa ndani ya barua yenyewe na si kwenye mstari wa mada.

Angalia ile amri ya tatu. `BITNET USERHELP` ni jina la faili moja. CMS ililipa kila faili jina na aina, kila kimoja kisizidi herufi nane, na nafasi tupu katikati. Ndiyo maana utakutana na `BITEARN NODES`, orodha ya nodi zote, au `LISTSERV GROUPS`. Ukizitafuta leo, weka jina zima ndani ya alama za kunukuu, kisha ujaribu tena kwa nukta: `bitnet.userhelp`. Aliyelihamishia kwenye Unix aliweka nukta mahali pa nafasi, na aliyelipeleka kwenye DOS alikata aina ikabaki herufi tatu, `bitnet.use`. Ni faili lilelile. `BITNET USERHELP` liliandikwa na Chris Condon wa Yale, ambaye pia alihariri jarida la kielektroniki la NetMonth. Kama unataka kuonja maisha ya kila siku ya mtandao ule, yatafute yote mawili kwenye Internet Archive na kwenye textfiles.com.

Jibu la `INDEX` nalo linataka macho. Lilikuja kama faili la aina ya FILELIST, lenye safu: jina, aina, GET, PUT, muundo, lrecl, nrecs, tarehe, saa, kisha maelezo mafupi. Wageni hukimbilia maelezo na kuruka vilivyobaki. Mimi husoma safu ya GET kwanza, kwa sababu inaonyesha nani aliruhusiwa kulichukua: ALL ni kila mtu, vifupisho vingine ni wamiliki au wanachama tu. Kisha lrecl, urefu wa mstari, na nrecs, idadi ya mistari. Zidisha moja kwa nyingine utapata ukubwa wa faili kwa makadirio. Ukiona lrecl ni 80, umekutana na kadi ya kutoboa: mtandao ulisafirisha mafaili kana kwamba ni mafungu ya kadi za nguzo 80, miaka mingi baada ya watu kuacha kuzishika mkononi.

Ukitaka kuona CMS kwa macho yako badala ya kuniamini, programu ya Hercules inaigiza mashine kubwa za IBM kwenye kompyuta ya kawaida, na VM/370 inaendeshwa juu yake. Inachukua jioni nzima kuizoea. Ukishaiona amri ya `LISTFILE` ikitoa majina yale ya vipande viwili, hutayasoma vibaya tena.

LISTSERV haikufa na BITNET. Eric Thomas aliiandika mwaka 1986, na tangu 1994 inatunzwa na kampuni yake, L-Soft. Kwa hiyo ukikutana na seva inayoitumia bado, tuma barua kwa anwani ya LISTSERV ya hapo, ndani yake ukiandika `HELP`, na mstari unaofuata `INFO`. Ondoa sahihi yako ya chini ya barua kwanza. La sivyo seva itaisoma kama amri na kukurudishia malalamiko mstari kwa mstari.

Halafu kuna suala la kuendesha programu za watu. Desemba 1987 programu iitwayo CHRISTMA EXEC ilitoka kwa mwanafunzi wa Clausthal, Ujerumani. Ilichora mti wa Krismasi kwenye skrini, huku ikisoma faili la NAMES la mtumiaji na kumbukumbu ya NETLOG na kujituma kwa kila aliyemkuta humo. Ilienea EARN na BITNET, ikafika mpaka mtandao wa ndani wa IBM. Ukisoma miongozo ya baada ya hapo na kuona onyo la kusoma faili la EXEC (programu ya amri za CMS) kabla ya kuliendesha, ujue limetoka wapi.

Kuzisoma anwani

Nyaraka hizi zimejaa anwani ambazo hazifanani na za leo, na ukizisoma kinyume utamweka mtu kwenye chuo ambacho hakuwahi kukanyaga.

Yenye alama za mshangao, kama `seva1!seva2!mtu`, ni ya UUCP, njia ya mashine za Unix kutumiana mafaili na barua. Isome kushoto kwenda kulia. Ni njia yenyewe, kituo kwa kituo. Yenye asilimia, kama `mtu%nodi.bitnet@cunyvm.cuny.edu`, ni ya kuvuka lango. Anza na kilicho kulia kwa `@`: barua inakwenda kwanza CUNYVM, lango lililosimama kati ya Intaneti na BITNET. Huko, asilimia inageuzwa kuwa `@`, na safari inaendelea hadi `mtu@nodi`. Kwa hiyo mtu huyo hayuko New York. Amepita tu.

Uingereza walikuwa na lao. Mtandao wa JANET, ulioanza 1984, uliandika majina ukianzia kubwa kwenda dogo: `uk.ac.ucl.cs`. Dunia nyingine iliandika kinyume. Vurugu ilizidi pale `cs`, kifupi kilichopendwa na idara za sayansi ya kompyuta, kilipokuwa pia kikoa cha Chekoslovakia: mashine ikiona jina linaloishia na `cs` iliweza kudhani ni nchi.

Faili limekuja limesimbwa

Barua pepe ya wakati ule ilibeba maandishi tu, na mashine za IBM ziliwakilisha herufi kwa namba za EBCDIC wakati wengine walitumia za ASCII. Programu au picha iligeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida kwa uuencode. Utaitambua kwa mstari kama `begin 644 jina.zip`, kisha mistari mingi inayoanza na M, na mwisho `end`. Ile M si pambo. Herufi ya kwanza hutaja idadi ya baiti zilizomo kwenye mstari: M ni 77 katika ASCII, toa 32, unabaki na 45. Mstari wa mwisho wa data huwa mfupi, kwa hiyo huanza na herufi nyingine. Ukiona M zimekatika katikati ya faili, kuna kipande kimepotea au kichwa cha barua kimeingia ndani.

Mara nyingi faili liligawanywa vipande. Futa vichwa vya barua, unganisha kwa mpangilio, kisha `uudecode`. Kwenye Linux iko ndani ya kifurushi cha sharutils. Kama unatumia Python, moduli ya `uu` iliondolewa toleo la 3.13, ila `binascii.a2b_uu` ipo na inafungua mstari mmoja mmoja. Mafaili ya `.Z` yanafunguliwa na gzip, na ya `.arc` na `.zoo` na programu ya `unar`.

Ukigundua mabano na viwimbi (~) vimegeuka alama za ajabu, faili lilipita kwenye tafsiri mbovu kati ya EBCDIC na ASCII. Usihangaike kulikarabati kwa mkono. Tafuta nakala nyingine iliyopita njia tofauti.

Huduma ambazo bado unaweza kuzigusa

Gopher ilizaliwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991 na itifaki yake iko kwenye RFC 1436 ya 1993. Haina maajabu: unaunganisha poti ya 70, unatuma mstari mmoja, unasoma mpaka seva inakata. Jaribu bila kivinjari chochote:

    printf '\r\n' | nc gopher.floodgap.com 70

Umetuma mstari mtupu, maana yake "nionyeshe menyu kuu". Kila mstari unaorudi unaanza na alama moja ya aina: 0 ni maandishi, 1 ni menyu nyingine, 7 ni utafutaji, 9 ni faili la binari. Alama ya `i`, utakayoiona kwa wingi, ni maelezo tu. Haimo kwenye RFC 1436, iliongezwa na watu baadaye. Baada ya alama linafuata jina la kuonyeshwa, kisha, vikitenganishwa na tabu, njia ya faili, seva na poti. Nukta iliyo peke yake inafunga menyu. Ukishazoea, chukua njia ya mstari wowote wa 0, iweke kabla ya `\r\n` katika amri ileile, na waraka utamiminika. Kwa kuperuzi kwa starehe tumia Lynx. Hapohapo Floodgap utakuta Veronica-2, mrithi wa Veronica, utafutaji wa menyu za Gopher ulioanzia Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, mwaka 1992.

Kwa nini Gopher ilipoteza? Mapema mwaka 1993 Minnesota ilitangaza nia ya kutoza ada kwa baadhi ya matumizi ya seva yake, na 30 Aprili mwaka huohuo CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ikaiachia dunia programu ya wavuti bure. Kuna waliotaja picha na viungo, lakini kwangu mimi tarehe hizo mbili zinatosha.

Whois na finger ni ndugu wa Gopher kwa tabia. Whois (RFC 812, 1982) iko poti ya 43, finger, ya kuuliza nani yuko kwenye mashine (RFC 742, 1977), poti ya 79. Jaribu `printf 'org\r\n' | nc whois.iana.org 43`. Siku hizi inakujibu kuhusu vikoa. Mwanzoni ilikuwa pia kitabu cha kutafutia watu, kilichotunzwa na NIC, kituo cha taarifa za mtandao, huko kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, California.

FTP ya wageni imebaki pembeni. Vivinjari vikubwa viliitupa mwaka 2021, kwa hiyo tumia `lftp` au curl. Jina la kuingilia ni `anonymous`, na nenosiri, kwa adabu ya zamani, ni anwani yako ya barua pepe. Ukiingia, tafuta `README`, `00-INDEX` au `ls-lR` kabla ya yote. Hilo la mwisho ni orodha ya ghala zima. Orodha za namna hiyo ndizo zilizoilisha Archie ya Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1990, kazi ya Alan Emtage, Peter Deutsch na Bill Heelan. Archie ilijua majina ya mafaili tu, haikujua kilichomo ndani. Ndiyo sababu mafaili ya enzi ile yana majina marefu yenye namba ya toleo ndani yake: jina lilikuwa njia pekee ya kupatikana.

Kwa maswali ya Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano, yaliyojibiwa mara nyingi, tumia faqs.org. Kila waraka uliopita kundi la news.answers una mstari wa `Archive-name:` karibu na juu. Tafuta kwa jina hilo, maana kichwa cha waraka kilibadilika toleo hadi toleo.

Karatasi

Kuna vitu ambavyo havikuwahi kuwa faili la wazi. Elizabeth Feinler, aliyeongoza NIC mpaka 1989, alianza kazi hapo mwaka 1972 kwa kuandaa kitabu cha rasilimali za ARPANET, mtangulizi wa Intaneti: kila mashine, ina nini, nani wa kumwuliza. Kumbukumbu za NIC ziko Computer History Museum, Mountain View, na orodha ya maboksi yake inasomeka kwenye Online Archive of California. Itafute kwa maneno "SRI ARC/NIC records". Kwanza soma maelezo ya mkusanyo, kisha andika namba ya boksi na ya jalada kabla hujawaandikia wahifadhi. Ukipata saraka za watumiaji, kumbuka zina majina na simu za watu wa kawaida, wengine wangali hai. Nukuu jina la mashine na la chuo, ya watu yaache humo.